Simba wa Rangi ya Kucha

Nililikubali mwenyewe, sikushurutishwa:
dubwi la kijani barazani kwangu, Makorora,
kando ya gunia la mkaa.

Semkiwa huja na noti ya elfu kumi, saruji kwenye kope.
"Nichenjie, Mama Rukia. Leo limeshiba, litatapika."
Namhesabia mia mbili mbili.
Simba wa sarafu moja nimempaka rangi ya kucha,
nijue aendako.

Haendi mbali.
Droo yangu, kiganja cha Semkiwa, koo la dubwi;
Jumatatu kijana wa funguo hulifungua tumbo,
fungu lao, fungu langu,
na simba huyo karudi, wekundu umebanduka kidogo.
Mara ya saba sasa.

Siku moja lilitapika kweli.
Sarafu zikamwagika hadi mtaroni,
Semkiwa akacheka mpaka akakaa chini.
Kabla ya adhana ya isha alikuwa amezirudisha zote.
Siku ile ndiyo iliyommaliza,
si zile za kuliwa.

Jana kaja mkewe: sukari robo, aandikiwe.
Nikafungua droo kutafuta kalamu.
Simba akanitazama.
Nikaandika.