Chokaa

Saa tisa usiku, maabara ya Makadara.
Feni inalia kama mtu mwenye jino bovu.
Nimejitoa damu mwenyewe, mirija miwili,
nikangoja nyekundu zizame,
nikachota zile nyeupe, utando mwembamba
kama tui la pili,
nikazitia rangi inayowaka ikikutana na kalsiamu.

Seli moja. Giza.
Ndani yake kalsiamu ni haba mno;
nje ni mara elfu kumi,
imeegemea ukuta kama maji ya bamvua,
nayo seli haina kazi nyingine usiku kucha
ila kuteka na kumwaga nje, kuteka na kumwaga,
mwenye nyumba ya bondeni na ndoo yake.

Natia tone lenye harufu ya bakteria.
Zinafunguka kwanza ghala za ndani: mwako mdogo, pembeni.
Kisha milango ya ukutani.
Kisha seli nzima kijani,
nami nimesahau kuandika saa.

Humo mna vijaluba, mamia.
Vyepesi hutangulia. Husogea ukingoni,
hugusa ukuta mdomo kwa mdomo
hata usijue kipi kifuniko, kipi ukuta,
na kilichokuwa ndani kiko nje.
Vyenye sumu kali hubaki nyuma
hungoja kalsiamu izidi, izidi tena,
kwani sumu ile haichagui:
huua kijidudu, ikala na nyama ya mwenyewe.

Mara ya pili nimeiondoa kalsiamu ya nje.
Tone lile lile.
Mwako mdogo, ukazima.
Vijaluba karibu vyote vimekaa na vifuniko vyao.
Seli ilisikia.
Ilikosa cha kuitikia.

Asubuhi, Kibokoni. Shangazi Mwanaate
anakunja tambuu, kidole cheupe kwa chokaa.
Shekuwe wa dadangu yuko kizingitini,
kisigino kimeiva: msumari
wa mafundi wanaobomoa kwa jirani.
Dadangu anakamua kwa pamba. Usaha.

"Uchafu huo," asema shangazi.
Si uchafu, nikamwambia, ni seli
zilizokwisha kumimina vijaluba vyao zikafa,
na kilichoziambia zifungue
ni jamaa wa hiyo iliyo kidoleni mwako.

Akakitazama kidole.
Akatazama ukuta, pale plasta ilipobanduka
na mawe ya matumbawe yametoa meno.
Akatazama kisigino.
"Basi si tumpake?"
Na mkono ulishafika njiani.

Nikaudaka. La, shangazi! Itamuunguza!
Dadangu akacheka hadi pamba ikamwanguka,
Shekuwe akalia kwa kuchekwa,
na shangazi akakirudisha kidole kinywani, amenuna,
akalamba kalsiamu yake
akatafuna.