Dakika Sifuri

Usiku wa mdahalo nilikuwa napiga pasi.
Runinga inasema, mimi nafuata kola.
Bwana mwenye tai ya buluu akainua kidole:
"Tisini na sita kwa mia, ndugu wananchi,
huonwa na daktari kabla saa nne hazijatimia!"
Ukumbi ukalipuka kwa makofi.
Nikaisimamisha pasi.

Tisini na sita naijua.
Naijua kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.
Miaka kumi na tisa nilikaa dirishani, hospitali ya Skelby,
kaskazini mwa Uingereza, mvua ikija ubavu ubavu,
karani wa mlango wa dharura.
Saa ilikuwa mkononi mwangu:
mgonjwa akivuka kizingiti, naandika.
Asipovuka, hajafika.
Ndivyo ulivyosema waraka wenye muhuri
uliotushukia mwaka ule magari ya wagonjwa yalipoanza kupanga foleni
hadi mbele ya duka la maua.
Magari tisa, kumi na moja, injini zinanguruma,
ndani watu wamelala chali wakihesabu skrubu za dari,
na kitabuni mwangu: hakuna anayesubiri.

Bibi mwenye hereni za lulu akajibu mapigo:
"Elfu kumi na mbili wamekufa wakingoja matibabu!
Serikali hii ina damu mikononi!"
Makofi tena, ya upande wa pili.
Hao nao nawajua, angalau wawili.
Cuthbert Airey alikuwa kwenye orodha ya kutolewa mtoto wa jicho;
akapanda paani kurekebisha antena,
akaanguka.
(Pengine angekuwa anaona vizuri... sijui. Mhesabuni mpendavyo.)
Na ajuza wa miaka mia na mbili aliyengoja kifaa cha sikio
akafa usingizini, ameshiba mkate na siagi.
Wote wawili wamo.

Njia ya mwongo ni fupi.
Ya nusu ukweli imewekewa lami.

Mwongozaji akaahidi: takwimu hizi tutazihakiki baadaye.
Baadaye likaja tangazo la magodoro.

Na Wilf Thwaite je?
Hakutajwa na huyu wala yule.
Jumanne, mwezi wa pili. Kifua.
Gari lake lilikuwa la saba kwenye foleni.
Mkewe, Enid, alifuata nyuma na kigari chao, akaegesha,
akawa anakwenda na kurudi, mwavuli, chupa ya chai,
ananiuliza dirishani kwa adabu: "Bado?"
Nami kwa adabu: "Bado kidogo."
Nilimpa "bado kidogo" nne.
Usiku walipomvusha mumewe kizingiti
alikuwa ameshakata roho.
Nikaandika muda wa kufika.
Nikaandika muda wa kufariki.
Ulikuwa mmoja. Kompyuta ikatoa huu katika ule:
amengoja dakika sifuri.

Shuleni walitufundisha sifuri si kitu.
Sifuri ya Wilf ilichapa kazi.
Iliushusha wastani wetu wa mwezi
na meneja akatuletea keki.
Nilikula kipande. Ilikuwa ya limau.

Hayumo kwenye elfu kumi na mbili za bibi,
maana hakuwa kwenye orodha yoyote, aliugua ghafla.
Kwenye tisini na sita ya bwana yumo,
tena mstari wa mbele,
mgonjwa aliyehudumiwa upesi kuliko wote.

Kola imeungua. Mdahalo umekwisha, wanapeana mikono.

Enid bado anayo risiti ya maegesho,
ameibana kwenye jokofu kwa sumaku ya umbo la kondoo.
Kuingia: saa tisa na dakika kumi alasiri.
Kutoka: saa tano kasoro dakika mbili usiku.
Malipo: pauni nane na nusu.
Mashine ile haina chama.

Juzi nilikwenda kumwomba niinakili.
Alinipa kalamu.
Hakunipa kiti.