Kokwa za Tende

Harusi za Ibra huisha alfajiri,
na kazi yetu huanza hapo,
watoto wa mtaa wanapoleta makopo ya maziwa
yamejaa maganda ya risasi
yanayonuka baruti, na kwa mbali, udi.
Baisa tano kwa ganda.
Lililokanyagwa na gari, hapana.

Baba aliyachambua kwa sikio.
Alilidondosha moja moja juu ya kigae:
lililo zima lililia kama kengele ya mbuzi,
lenye ufa likakohoa.
"Hili lina pumu," akasema, akalitupa ndooni.
Kwa wateja alisema Kiarabu. Kwa shaba, Kiswahili,
kile alichorudi nacho kutoka Tabora
pamoja na cherehani na hasira.

Kwanza hung'olewa fataki iliyokufa:
msumari mmoja, pigo moja, tik.
Kisha maji ya moto, ukwaju, chumvi kiganjani.
Siki usiilete hapa, siki ina pupa,
inaila shaba mpaka inabaki nyekundu kama ufizi.
Ukwaju una adabu.
Lakini nusu saa tu; ukienda kuswali
ukanogewa na soga barazani,
ukirudi usiniite baba.

Halafu pipa:
kopo la rangi juu ya mota ya mashine ya kufulia,
ndani yake kokwa za tende, zimekaushwa, zimetwangwa.
Usiku kucha, shaa, shaa, shaa.
Jirani yetu Umm Muhanna alilalamika mwaka mzima.
Siku mota ilipoungua alibisha hodi usiku wa manane
kuuliza kuna msiba gani,
mbona kimya, mbona hapati usingizi.

Asubuhi nilipepeta kwa ungo wa mama,
kokwa huku, maganda kule,
na vumbi lake likanikaa kwenye kope.
Nilikuwa na miaka kumi na sita na vidole vyembamba,
kwa hiyo shingo za maganda zilikuwa zangu:
kijiti, kitambaa, jivu laini,
zungusha, toa, puliza, tazama mwanga.

Jumatano moja akaja Bi Ghaniya
kutoka soko la wanawake, barakoa yake imepauka.
Akafungua fundo la leso.
Ganda moja tu, jeusi, kuukuu,
lililolala mfukoni mwa koti la marehemu
tangu mimi sijazaliwa.
"Lisafishe."
Hakusema la nini. Baba alikuwa msikitini.

Nikalisafisha, wallahi, kama sijawahi.
Ukwaju mpya. Jivu nililolichunga mara mbili.
Nikamaliza kwa upindo wa kanzu yangu mwenyewe
mpaka nikaona ndani yake feni ya darini
ikizunguka, ndogo, imepinda,
na jicho langu likijisifu.

Akaligeuza. Akalinusa.
Akalipapasa ubavuni kwa dole gumba,
akitafuta kitu pale, akirudia pale pale.
"Silo."
Ndilo, bibi, halijatoka machoni pangu.
"Najua ndilo," akasema. "Lakini silo."
Akaweka baisa mia, akakataa chenji,
akaondoka na leso tupu, ameifunga tena lile fundo.

Baba aliporudi nilimweleza.
Hakunigombeza, ingekuwa nafuu.
Alilidondosha juu ya kigae. Likalia vizuri.
"Zima," akasema,
na hakuliweka kwenye fungu lolote.

Sasa duka ni langu. Nauza mikanda ya jambia,
maganda nanunua yameshang'arishwa, kwa katoni,
yote sura moja.
Lile liko rafuni, nyuma ya mizani.
Siligusi, wala simruhusu mtu kulifuta.
Mwaka jana lilianza kufifia.
Mwaka huu limetoa doa la kahawia ubavuni,
dogo, kama ukucha wa mtoto.

Bi Ghaniya yu hai, anatembelea fimbo.
Hupita kila Jumatano, hunisalimu.
Sijamwambia kitu.
Nasubiri lichafuke.