Matone Ishirini na Nane

Saa ya ukutani wodi namba tano imekufa tangu mfungo,
mishale imeng'ang'ania saa tatu kasorobo,
kwa hiyo Mzee Kondo alinivulia yake,
ya mkono wa kulia, maana wa kushoto una sindano.
"Chukua, sista. Miaka thelathini Mtaa wa Msimbazi
nimewafufulia watu saa. Hii haisemi uongo."

Kwanza jina. Nikalisoma kwenye chupa,
nikalisoma kwenye utepe wa mkononi,
nikamuuliza alitamke mwenyewe, akacheka:
"Umenisahau tangu asubuhi?"
Sijakusahau, mzee. Ila kitanda cha kumi na mbili
yuko Kondo mwingine, ana kisukari,
na chupa yake si hii.

Nikagonga mrija kwa ukucha,
kiputo cha hewa kikapanda, kikapotea.
Halafu dakika nzima nimesimama, midomo ikihesabu kimya,
ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane.
Nusu lita kwa saa sita. Basi.
Moyo wake ni pampu kuukuu;
ukiumiminia kama watu wanaogombea bomba la mtaani,
maji yanarudi mapafuni.

Pembeni, mtungi wa oksijeni
umefungwa mnyororo ukutani kama mbuzi wa Idi.
Lita mbili kwa dakika,
na kichupa cha maji kinachemka bila moto.

Bila moto.
Bi Mwavua akaingia jioni, kitu kimemvimba chini ya khanga:
chetezo, makaa bado mekundu.
"Mume wangu hajalala bila udi tangu usiku wa harusi."
Nilimsukuma mama wa watu hadi mlangoni,
ushungi ukamdondoka.
Nilikosa adabu, najua.
Nje, huku nikiyafukia makaa mchangani, nikamwambia:
hewa ile haiwaki yenyewe, mama,
lakini huupa moto njaa. Cheche moja, na shuka,
na mafuta ya nazi uliyompaka midomoni.
Akaninunia. Mafuta nikayafuta kwa pamba na maji.

Pazi, mwanawe, alifika saa mbili usiku, ametoka kazini,
saruji bado kwenye nyusi.
Akaitazama dripu inavyotona kivivu.
Ana gurudumu dogo mbele yake, jeupe, laini,
nani asingelizungusha?

Nilikuwa kitanda cha tisa. Nilisikia kabla ya kuona:
kikohozi chenye maji ndani,
pumzi inayopanda ngazi isiyoisha.
Chupa imebaki vidole viwili.
Nikafunga gurudumu. Nikamketisha mzee, mito mitatu,
nikamwita daktari kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu.

Sindano ya kukojoza. Kusubiri.
Mfuko chini ya kitanda ukaanza kujaa, taratibu,
na sijawahi kuufurahia mkojo wa mtu namna ile.

"Nilitaka iishe upesi," Pazi akasema, ameuelekea ukuta,
"nikadhani ikiisha ndiyo tunarudi naye Mbagala."
Hakuna aliyemwambia.
Mimi sikumwambia.
Nilikuwa nimehesabu matone yote ya siku ile
nisihesabu mikono itakayokuja jioni.

Sikumfokea. Daktari alipoandika upya, matone kumi tu,
nilimfunga Pazi saa ya baba yake,
nikamvutia stuli.
Hesabu. Ukiona mkono umevimba, niite.
Akilalamika panawaka moto penye sindano, niite.
Gurudumu, usiliguse hata likikukonyeza.

Adhana ya alfajiri ikanikuta naandika ripoti.
"Sista!" Amesimama, saa iko karibu na pua.
"Dakika hii ni tisa."

Nikaenda. Mzee Kondo amelala ubavu,
kiwiko chake kimeukalia mrija.
Nikakiinua. Kumi.
Chini ya mto, pembe ya leso ikajitokeza,
ndani yake kijiti cha udi, kizima, hakijaona kiberiti.
Nikairudisha nilipoikuta.