Dirisha la Magotini

Kiwanda kilipofungwa, mama hakulipwa leva.
Alilipwa zipu.
Katoni tatu: mbili nyeusi,
moja ya njano, njano ile isiyopendwa na mtu.
Mhasibu alimsainisha huku akiutazama ukuta.

Tulizipandisha kwa ngazi hadi ghorofa ya nne,
maana lifti ilikufa hata kabla ya benki.
Baba akazihesabu, akacheka kama aliyemeza mfupa:
"Haya, Rumyana, tuzichemshe au tuzikaange?"

Mama hakujibu. Alichukua nyundo,
akashuka hadi stoo ya chini ya jengo,
kwenye makaa na chupa za pilipili hoho,
akang'oa ubao wa kidirisha kile
kinachochungulia barabara kutoka chini,
usawa wa vifundo vya miguu ya wapita njia.
Sofia, Februari, theluji imeshakuwa jiwe.
Akaandika kwa chaki: ZIPU. NATENGENEZA.
Bei hakuandika.

Bei ingeandikwaje?
Aliyesema biashara asubuhi, jioni mahesabu
hakuuona mwezi ule.
Mkate wa asubuhi haukuwa mkate wa adhuhuri,
na ikifika jioni, hesabu yenyewe
imeshavaa koti, imeondoka.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na miguu myepesi.
Kazi yangu ilikuwa kukimbia hadi kibanda cha kubadilishia fedha,
kuisoma namba ubaoni, na kurudi nikiitamka, nikiitamka,
isije ikanidondoka njiani.
"Bado ni ileile?" mama angeuliza, sindano mdomoni.
Nitajuaje? Nilikuwa nimeshaipa kisogo.

Kununua kwetu ni kuchuchumaa.
Dereva wa tramu, daktari wa meno,
mama mmoja mwenye manyoya shingoni,
wote walitufikia kwa goti.
"Hata kanisani hawainami hivi," baba alisema,
na tangu siku hiyo akawa anashuka nasi
kuchochea jiko, eti moshi unamsumbua mama.

Tuliwajua watu kwa viatu.
Buti zilizogundishwa mara mbili,
visigino vilivyolika upande mmoja kama sabuni,
na vile vya mwalimu Dobromir wa jiografia,
vimefungwa kwa waya wa taa.
Alileta koti lilelile mara tatu.
Mara ya tatu mama aliligeuza chini ya balbu,
akaona meno ya zipu yamekwaruzwa kwa koleo.
Juu, kwenye kidirisha, mwalimu alikuwa amenyoosha vidole
ndani, kwenye hewa ya jiko letu.
Mama akashona. Taratibu, sijapata kumwona taratibu vile.
Kisha akamtoza: yai moja, bei ya kila mtu.
Nilikasirika. Nilimwambia ana roho ya chuma.
"Nikimsamehe," alisema, akikata uzi kwa meno,
"hatarudi."

Nyeusi zikaisha kabla ya theluji.
Mama akafungua katoni ya njano
bila kumwomba mtu radhi.
Walinung'unika. Mwenye manyoya alisema afadhali baridi,
akaenda hadi kona, akarudi.

Hatukutajirika. Niseme hivyo, maana watu hupenda
kusikia kwamba kutoka stoo tulihamia dukani, kutoka dukani
sijui wapi. Tulikula. Deni la umeme lilipungua,
likapanda, likapungua.

Lakini asubuhi moja ya Machi nilipanda tramu namba tano,
imejaa, watu wamenuna,
kila mmoja na koti lake jeusi la miaka ile,
na kifuani, kutoka kidevuni hadi tumboni,
meno ya njano, meno ya njano,
huyu, na yule pale dirishani, na kondakta,
jiji limebana midomo
na makoti yake yanacheka.
Nikashuka kituo kimoja kabla ya shule
nikakimbia kumwambia mama,
safari hii bila kutamka namba yoyote.