Kabula, Toleo la Tatu

Toleo la kwanza nililifunga ndani ya kisanduku cha sabuni,
cha buluu, matundu yake kwa msumari wa moto.
Betri ya simu iliyovunjika kioo.
King'ora cha pikipiki ya Bahebe
(nilikuwa namdai; akalipa kwa kelele).
Juu, nyaya za shaba zimetazamana kama meno ya vitana viwili
visivyogusana: tone likiangukia katikati
umeme unapata daraja, kisanduku kinapiga yowe,
anueni, anueni.

Ni hivyo tu. Sikuvumbua mvua.

Nikakipeleka Igombe, kwa Nyabise
mwenye vichanja saba vya dagaa
na usingizi wa mtu aliyepokea mitumbwi tangu alfajiri.
Alikishika kwa vidole viwili, kama yai la kuku wa jirani.
Saa nne kikalia.
Wanawake waliruka, maturubai, ndoo, mtoto kaachwa na uji kidevuni,
dagaa wabichi wakarundikwa ndani hadi mlangoni,
na mbingu juu yetu kavu kama kigae.
Korongo alikuwa amepita, akaacha chake.
Nyabise alikitazama kisanduku, akanitazama mimi.
"Fundi, mashine yako inajua kinyesi. Mvua je?"

Toleo la pili nililifundisha subira: matone matatu ndipo useme.
Likajifunza kupita kiasi.
Mvua ya ziwa haina matone matatu.
Ina moja, halafu beseni.
Magunia sita yalioza wiki ile,
nami nikala ugali kwa Nyabise nimeinamisha kichwa
mpaka aliponishika mkono, akaufungua:
"Mimi huijua kabla haijafika.
Dagaa mkavu hunata kiganjani. Chumvi hulowa koponi.
Wewe unamngoja mgeni akiwa tayari sebuleni."

Kihisio cha unyevu, kidogo kuliko punje ya mhindi,
kilikuja kwa basi kutoka Kariakoo
ndani ya bahasha ya mwaliko wa harusi.
Toleo la tatu halikungoja tone. Lilinusa.
Nikaliita Kabula, jina la binti aliyekuja na mvua.

Kumbe kutengeneza ni nusu ya njia,
tena ile nusu ya mteremko.
Nyakato, kalibu ya ganda la plastiki: milioni nne.
Ofisini karani akachungulia nyuma ya bega langu:
"Mwenye mashine yuko wapi?"
"Ndiye huyu anayekutazama."
Fomu. Muhuri. Rudi Jumatano.
Jumatano yenyewe ilikuwa sikukuu.
Usiku nikapiga hesabu nyuma ya kalenda,
kihisio, betri, ganda, skrubu nne (tatu zatosha),
elfu ishirini na nane kabla sijala.
Bei ya mwanamke wa Igombe: elfu kumi na tano, na maneno.

Nikalifuta ganda.
Nikakata bomba la maji vipande vya kiganja kimoja,
vifuniko vikafuliwa hapa Makoroboi,
mtaa ule ule uliogeuza makopo kuwa taa.
Lugata fundi bati hakuuliza ni vya nini. Aliuliza vingapi.
Arobaini, nikasema, na koo likanikauka.

Waliolipa fedha walikuwa tisa.
Wengine walilipa sado ya dagaa, sado mbili, ahadi.
Dagaa niliwauza Mwaloni; ahadi ninazo hadi leo.
Kabula mmoja alichukuliwa na mfyatua tofali.
Mmoja aliibwa,
nikafurahi kuliko inavyofaa.

Juzi simu iliita. Nyabise, bila salamu.
Nyuma yake nilisikia kile kilio chembamba,
nyayo, turubai likikunjuliwa, mtu anacheka,
kisha kimya cha watu waliokwisha maliza kazi.
Halafu ndipo mvua.
"Umesikia?" akasema, akakata.

Hapa Makoroboi jua lilikuwa kali, mabati yakilia kwa joto.
Niliinuka nikaanua nguo.