Kishada

Zamani, kanzu ikishonwa hapa Mabela,
kishada cha shingoni hakikuwa na bei.
Kilikuwa kama chumvi ya jirani: waomba, wapewa.
Sasa kina mstari wake kwenye risiti, baisa mia nne,
na chini yake mstari mwingine, mwembamba:
tano kwa mia, ya serikali.

Niandikaye mistari hiyo ni mimi.
Bi Ghaniya, mwenye duka, macho yamemfifia tangu sukari ipande
(ya mwilini; ya dukani nayo haikubaki nyuma),
hunisomesha waraka mara tatu,
kana kwamba maneno yatalegea kwa kurudiwa:
ada ya kibali imeongezwa;
kila cherehani mbili, moja ikaliwe na mzalendo;
siku tisini.
"Na mimi niliyeshona Ng'ambo tangu miguu haijafika pedali, sihesabiwi?"
"Umri umepita, Bi."
"Basi waandikie kwamba mkono haujapita."
Sikuandika.

Mzee Sleyum alizoea kushonesha tatu kila Idi.
Mwaka huu moja, na ile ya juzi ibadilishwe shingo.
"Petroli," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja mgonjwa wa nyumbani.
Akashika kishada, akakinusa, akakirudisha mezani.
"Ya leo iache bila."

Jioni nikapiga hesabu.
Bei tukiipandisha, mteja anavuka barabara
kwenye zile za kiwandani, zilizotundikwa kama papa wakavu.
Tusipoipandisha, ile tano itoke wapi?
Ikatoka kwenye kiyoyozi, saa saba hadi saa kumi.
Ikatoka kwenye chai ya mafundi.
Kisha ikatoka kwa Mizan,
ambaye kibali chake kiliisha Jumanne,
na Jumatano kiti chake bado kilikuwa na mto wa maua
alioushona mwenyewe kwa vipande vya wateja.

Al-Muatasim akaja kukikalia.
Shahada ya biashara, miaka minne ya kungoja simu,
akipelekea watu vyakula kwa gari la dada yake.
Siku ya kwanza aliuinua mto, akauliza ni wa nani.
Hakuna aliyejibu.
Akaurudisha, akakaa ukingoni.

Nilidhani Shofikul atamnunia.
Miaka kumi na saba mguu wake kwenye pedali,
anajua kuhesabu: cherehani zilikuwa mbili,
moja imekwenda.
Lakini Alhamisi nilimkuta amemshika kijana mkono,
kidole juu ya kidole, uzi wa hariri ukipita katikati,
akimwambia kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Polepole. Ukiuvuta sana, unakatika.
Ukiulegeza, hupati kishada, unapata mkia wa mbuzi."
Wakacheka, jasho likiwachuruzika.
Ilikuwa saa nane.

Nimefungua daftari.
Mapato. Matumizi. Kodi. Ada.
Somo la Shofikul nitaliandika upande gani,
naye hulipwa kwa kanzu,
na leo hakumaliza hata moja?

Bi Ghaniya anakipapasa kishada cha kwanza cha kijana.
Kimepinda.
"Hiki," anasema, "usimtoze mtu."